Gari limegoma njiani: lipi la kufanya, lipi la kubeba

Inua zulia la buti kwenye magari mengi ya siku hizi, utakuta hakuna tairi la akiba. Pale lilipokuwa likilala pana chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme. Wengi hulijua hilo siku tairi limeshalala chini, na kufikia hapo hakuna tena cha kuchagua. Ulinganisho huu unamlenga mtu ambaye gari lake bado linatembea vizuri, mwenye nafasi ya kuamua kwa utulivu atabeba nini, atajaribu nini kwa mikono yake, na saa ngapi atanyanyua simu amwite fundi.

Maswali matatu huamua karibu kila kitu. Nimesimama wapi? Gari langu ni la namna gani? Na njia hii ikigoma, itakuwa imeniharibia nini zaidi? Hilo la tatu husahaulika, nalo kwangu ndilo zito kuliko mengine. Kando ya barabara hatumalizi matengenezo. Tunalifikisha gari panapotengenezeka, bila mtu kuumia na bila tatizo dogo kuzaa kubwa.

Kusimama hapo hapo au kujikongoja mbele kidogo

Tairi likiisha upepo, wapo wanaosimama pale pale, hata kwenye kona au juu ya daraja, kwa kuihurumia rimu. Rimu hununuliwa. Washa taa za hatari, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu, kisha jikongoje polepole hadi mahali tambarare, pagumu, panapoonekana kwa mbali, hata kama ni mita mia tatu na tairi linasagika. Kupoteza tairi na rimu ni afadhali mara nyingi kuliko kufungua nati huku magari yakikupita mgongoni.

Taa nyekundu za dashibodi hazilingani, na kuzichanganya huua injini. Taa ya oili, ile yenye picha ya kopo linalodondosha tone, ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, zima injini mara tu unapoweza kusogea pembeni. Presha ya oili ikipotea, vyuma vinasagana vikavu, na dakika moja tu ya ukaidi inaweza kuimaliza injini. Hapo hakuna kujikongoja. Taa ya betri ni kinyume chake: mara nyingi maana yake ni kwamba alternata, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, haichaji, na gari linaishi kwa akiba iliyomo kwenye betri. Zima kiyoyozi, redio na kila kinachokula umeme, usizime injini, elekea kwa fundi wa karibu. Ila mtupie jicho mshale wa joto. Kwenye magari mengi mkanda unaozungusha alternata ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo mkanda ukikatika taa ya betri huwaka kwanza na joto hufuata nyuma yake. Ukiona joto linapanda, au usukani umekuwa mzito ghafla, simama.

Ukishasimama, pembetatu ya tahadhari kwanza, jeki baadaye. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa hupita takribani mita 28 kila sekunde. Pembetatu iliyowekwa mita kumi nyuma ya gari lako haimpi dereva anayekuja hata nusu sekunde. Ipeleke mita 50 au zaidi, na kwenye barabara ya magari ya kasi ifike 100. Kama nyuma yako kuna kona au kilele cha mlima, iweke kabla ya hapo ili aione angali na nafasi ya kupunguza mwendo. Abiria washuke upande usiopitiwa na magari, wasogee mbali na lami. Asiyeweza kushuka abaki amefunga mkanda.

Pancha: njia tano

Hapa ndipo uchaguzi ni mpana, na hapa ndipo watu hubishana sana.

Tairi kamili la akiba ndilo linalomudu kila hali. Msumari, ubavu uliochanika kwenye jiwe, rimu iliyopinda kwenye shimo, yote halijali; unabadilisha unaondoka. Gharama yake ni nafasi kwenye buti, nguvu za mwili, na ardhi ngumu ya kuwekea jeki. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba huharibika likiwa limefichwa. Upepo huvuja kidogo kidogo miezi na miezi, kisha siku ya shida unalitoa nalo ni laini kama godoro. Kila unapopima upepo wa matairi manne, pima na la tano. Umri wake nao unasomeka ubavuni: tafuta herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho za mlolongo ule ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililovuka miaka kumi usilitegemee, hata kama halijawahi kugusa lami.

Tairi jembamba la akiba hupunguza uzito na nafasi, lakini halikuundiwa safari. Kwa kawaida ubavuni limeandikwa mwisho wa mwendo kilomita 80 kwa saa, na mengi huhitaji upepo mwingi kuliko tairi la kawaida, takribani psi 60 (psi ni kipimo cha presha kwenye geji). Pampu ndogo ya mkono itakutoa jasho. Kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele na pancha iko mbele, chukua tairi zima la nyuma ulipeleke mbele, na lile jembamba likae nyuma. Ni kazi mara mbili, lakini magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, yanayokata kona na yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Kwa gari linalovutwa na magurudumu yote manne, soma kitabu cha gari kabla ya kulifunga tairi lenye kimo tofauti. Mfumo wa kugawanya nguvu unaweza kuumia ukiendeshwa hivyo kwa muda mrefu.

Kamba za kuziba pancha, zile nyeusi au za kahawia zenye gundi, zinapenyezwa kwenye tobo kwa sindano nene yenye jicho. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi huhitaji kulifungua gurudumu; unakata usukani au unasogeza gari kidogo mpaka tobo lije mbele yako. Zinafanya kazi sehemu moja tu, uso wa tairi unaokanyaga barabara, na kwa tobo lisilozidi takribani milimita 6. Ubavu hauzibwi kwa kamba, wala ule ukingo ambako uso unakutana na ubavu. Pale mpira hupinda kila mzunguko na kamba hutemwa nje.

Kazi yenyewe inataka nguvu kuliko inavyoonekana kwenye video. Unachomoa msumari kwa koleo ukifuata mwelekeo ulioingilia, unasugua tobo kwa ile pini yenye meno mpaka iteleze, unaisukuma sindano yenye kamba kwa uzito wa mabega, ukiacha ncha mbili za kamba zikichungulia nje, kisha unaichomoa kwa mvuto mmoja wa haraka. Jaza upepo, mwagia maji ya sabuni. Povu likizidi kuumuka pale, kamba haijakaa. Ongeza ya pili au anza upya. Hata ikikaa, lipeleke tairi kwa fundi alifungue na kulikagua ndani. Tairi lililotembea bila upepo hujila lenyewe upande wa ndani wa ubavu, na uharibifu huo hauonekani kwa nje. Kiraka cha ndani chenye shina linalojaza tobo ndicho kinachohesabika kuwa matengenezo kamili.

Dawa ya chupa ndiyo nyepesi kuliko zote. Usiku, mvua inanyesha, umesimama pembeni mwa barabara yenye magari mengi: huhitaji kuinua gari wala kupiga magoti. Unaipachika kwenye pua ya tairi, unapuliza pamoja na upepo, unaondoka polepole kilomita chache ili dawa isambae, unasimama kupima upepo tena. Lakini ina masharti. Inaziba matobo madogo tu ya kwenye uso. Ina tarehe ya kuisha muda wake, kwa kawaida miaka michache, na chupa iliyopitwa na muda huganda ndani. Kwenye magari yenye vihisi vya upepo ndani ya rimu, inaweza kuvichafua. Na fundi atakayelifungua tairi lile atakuta utelezi mtupu, ambao lazima ausafishe kabla ya kiraka kushika. Mwambie mapema, usimwachie ashtukiziwe.

Njia ya tano haina jina, na ndiyo ninayoipenda zaidi kwa pancha nyingi za mjini: usifanye chochote isipokuwa kujaza upepo. Msumari uliozama kwenye tairi lisilo na tyubu mara nyingi unaliziba tobo lake wenyewe, upepo ukatoka kidogo kidogo. Watu huuona, huuchomoa kwa hasira, na tairi lililokuwa na saa nzima linabaki na sekunde kumi. Uache. Jaza upepo hadi kipimo chake, subiri dakika tano, pima. Kama umeshuka kidogo tu, nenda kwa fundi polepole ukisimama kupima njiani. Pampu ndogo ya umeme yenye geji itakuokoa mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote cha pancha, na haiwezi kuharibu kitu.

Kwa hiyo: anayeendesha mjini, asiye na nguvu za kuinua gurudumu, abebe pampu, na chupa ya dawa kama hifadhi ya mwisho. Anayepita barabara za changarawe au safari ndefu za sehemu zisizo na watu, bila tairi kamili la akiba asitoke. Ubavu ukichanika hakuna kamba wala dawa itakayomsaidia. Kamba ziongezwe juu ya tairi la akiba, kwa sababu pancha ya pili siku hiyo hiyo hutokea.

Na kwa atakayebadilisha gurudumu: legeza nati nusu mzunguko kabla ya kuinua, gurudumu likiwa bado limekanyaga chini, la sivyo litazunguka nawe. Weka jiwe au kipande cha mbao kwenye gurudumu lililo pembe ya mkabala. Breki ya mkono kwenye magari mengi hushika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukiinua la nyuma umebakiwa na moja tu linaloshikilia. Jeki iwe kwenye alama yake chini ya kizingiti cha mlango, si popote penye chuma. Usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde ya kuokota nati. Unapofunga, kaza nati kwa kuruka, moja kisha ya mkabala wake, gari likishashuka ndipo umalizie kwa nguvu. Baada ya kilomita 50 hivi, simama uzikaze tena.

Betri: sikiliza kwanza, ndipo uchague

Kabla ya kutafuta waya, zungusha ufunguo na utege sikio. Ta-ta-ta-ta ya haraka na taa zinazofifia ni betri iliyoishiwa nguvu, au vichwa vyake vimelegea. "Ta" moja nzito huku taa zikibaki na mwanga wake, mshuku stata, mota inayozungusha injini ili iwake. Injini ikizunguka kwa nguvu zote lakini haishiki, tatizo liko kwenye mafuta au cheche, na kubusti betri, yaani kuiazimia umeme wa gari jingine, ni kupoteza muda wa watu wawili. Kukiwa kimya kabisa kwenye gari la otomatiki, angalia gia kwanza. Jaribu kuwasha ikiwa N badala ya P.

Kisha fungua boneti, ushike kila kichwa cha betri na kukizungusha kwa mkono. Kikigeuka, umeshapata jibu: kikaze, jaribu tena. Ule unga mweupe au wa kijani unaotuama pale huzuia umeme. Maji ya moto na brashi huutoa. Ni magari mengi yamekokotwa kwa sababu ya nati moja ndogo ya spana namba 10.

Kama betri kweli imelala, njia ni tatu.

Waya za jampa, za kuunganisha betri mbili, hazichakai haraka na hazihitaji kuchajiwa, lakini zinahitaji gari la pili na dereva mwenye moyo. Kasoro kubwa ni waya feki: mpira mnene kwa nje, shaba nyembamba kama uzi ndani. Tazama kipimo cha shaba yenyewe. Kwa injini ndogo ya petroli tafuta milimita za mraba 16, kwa injini kubwa zaidi au dizeli 25 kwenda juu. Waya mwembamba hupata moto na haupitishi nguvu ya kuzungusha stata. Hakikisha pia magari yote mawili ni ya volti 12. Malori mengi hutumia volti 24, na msaada wa lori uliotolewa kwa nia njema unaweza kuunguza kompyuta ya gari lako.

Mpangilio wa kufunga una sababu yake. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri inaweza kuwa inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Acha gari la msaada lingurume dakika kadhaa, ndipo ujaribu kuwasha. Likiwaka, ondoa waya kwa kurudi nyuma ya mpangilio ule ule.

Pawabenki ya kuwashia gari inakuondolea haja ya gari la pili. Kwa anayeegesha mahali pa upweke, au asiyependa kumsimamisha mtu asiyemjua usiku, hii inashinda waya bila ubishi. Mitego yake ni miwili. Lazima iwe na chaji, na iliyosahaulika kwenye buti mwaka mzima haina; ichaji kila baada ya miezi michache. Pia haipendi joto la gari lililofungwa juani, kwa hiyo ikae ndani ya nyumba au isafiri nawe. Unaponunua usidanganywe na ukubwa wa chaji ya simu uliochapishwa kwenye boksi. Angalia imeandikiwa injini ya lita ngapi, petroli au dizeli. Dizeli hubana hewa zaidi na stata yake hudai umeme mwingi. Betri iliyoishiwa umeme kabisa inaweza isitambuliwe na kifaa. Vingi vina kitufe cha kulazimisha, lakini ukikibonyeza kinga ya kukosea chanya na hasi kwa kawaida huondoka, basi tazama rangi mara mbili.

Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono pekee. Otomatiki hairithishi mzunguko wa magurudumu kwa injini iliyozimwa, kwa sababu presha ya mafuta ya gia huzalishwa na injini yenyewe ikizunguka; hata msukume kumi, hamna kitu. Kwa gia za mkono: swichi iwe imewashwa, klachi chini, gia namba mbili, na gari likishika mwendo wa mtu anayekimbia achia klachi kwa haraka kisha uikanyage tena mara injini inapoguna. Kama dashibodi ni giza totoro, usiwachoshe watu. Pampu ya petroli na kompyuta ya injini vinahitaji umeme kidogo ili gari liwake. Kumbuka pia kwamba breki na usukani vitakuwa vizito mpaka injini ishike, kwa hiyo mteremko unaoishia kwenye makutano ya barabara si mahali pake.

Chaguo langu ni pawabenki kwa anayesafiri peke yake, waya nene kwa anayeishi karibu na watu wenye magari, kusukuma pale ambapo hivyo viwili havipo.

Gari likishawaka, bado hujajua kwa nini betri ililala. Mita ndogo ya umeme inatoa jibu papo hapo: injini ikinguruma, kwenye vichwa vya betri tegemea takribani volti 13.8 hadi 14.7. Ukisoma 12 na kidogo na zinazidi kushuka, alternata haichaji, na betri mpya utakayouziwa leo italala kesho. Gari likiwa limezimwa usiku kucha, 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni nusu. Chini ya 12 imechoka au ina kasoro. Baadhi ya magari mapya huchaji kwa kompyuta na namba zikapanda na kushuka, hivyo pima mara kadhaa kabla ya kuhukumu.

Gari likichemsha

Hapa mkono wa haraka ndio unaoungua. Mfumo wa maji wa injini hufungwa kwa presha ya takribani ba (bar) 1 juu ya hewa ya kawaida, na ndiyo maana maji yaliyomo hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko, presha inatoka, na maji yale hugeuka mvuke kwa mkupuo mmoja usoni mwako. Kitambaa kinene hakitoshi kinga. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira mkubwa wa juu wa rejeta ubonyee chini ya vidole bila kuunguza.

Kulinganisha kuendelea na kusimama: mshale ukianza tu kupanda kwenye foleni, zima kiyoyozi, fungua madirisha, washa hita mpaka mwisho na feni yake yote. Hita ni rejeta ndogo ndani ya gari, nayo hunyonya joto la injini. Ukiona mshale unashuka, unaweza kujisogeza hadi mahali salama. Ukigusa nyekundu, au mvuke ukatoka, zima. Silenda hedi (sehemu ya juu ya injini) ya alumini ikipinda kwa joto, hiyo si kazi ya barabarani tena.

Namna gari linavyochemsha hueleza kilichoharibika. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, mshuku feni, fyuzi yake au rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha). Fyuzi unaweza kuibadilisha mwenyewe kwa nyingine ya ampea zile zile, kamwe si kubwa zaidi. Likichemsha likikimbia, huenda maji yamepungua, themostati (mlango wa kupitishia maji kwenda rejeta) imeganda au rejeta imeziba.

Maji ya kawaida au maji maalumu ya rejeta? Kwa kufika tu, maji safi yanatosha, na ni bora kuliko kuchanganya dawa ya rangi usiyoijua na iliyomo. Mimina kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa. Maji baridi kwenye chuma kinachoungua hupasua. Baadaye fundi ayamwage na kuweka mchanganyiko sahihi, kwa sababu maji matupu huleta kutu na huchemka mapema.

Mpira ukiwa umetoboka, utepe wa silikoni unaojishika wenyewe unashinda plasta za kawaida, mradi mpira umepoa na umekaushwa, na uuvute wakati unazungusha. Ute mweupe wa yai na pilipili ya unga ni dawa za zamani za rejeta inayovuja, na sizipendekezi hata kwa dharura. Haziwezi kuchagua tundu la kuziba: huziba pia vijia vyembamba vya rejeta na hita. Sabuni ya kipande iliyokandwa, iliyobandikwa kwenye tanki la mafuta linalodondosha, ni habari nyingine. Petroli haiiyeyushi kwa urahisi, na inaweza kukufikisha kwa fundi. Hakikisha tu hakuna moto wala sigara karibu.

Ukifungua mfuniko wa oili ukakuta uji wa rangi ya maziwa, au bomba la moshi linatoa moshi mweupe mzito usiokoma, usiwashe tena. Kuna uwezekano gasketi ya silenda hedi imekwenda. Huo ni wakati wa kukokotwa.

Kamba, au gari la kubeba

Kamba hufaa kwa gari la gia za mkono lenye breki na usukani mzima, kwa umbali mfupi, mwendo mdogo. Tafuta ya nailoni yenye kuvutika kidogo. Mnyororo haupunguzi mshtuko na hung'oa kulabu. Dereva wa nyuma ndiye mwenye kazi ngumu: swichi iwe imewashwa ili usukani usijifunge, kamba ibaki imekaza muda wote, na mguu ujue kwamba injini ikiwa imezimwa breki hubaki na msaada wa mikanyago miwili au mitatu tu kabla ya kuwa ngumu kama jiwe. Nyosha mkono kwa ishara mlizokubaliana kabla ya kuondoka, na kamba ifungwe kwenye kulabu ya kuvutia, si kwenye bampa wala fimbo za usukani.

Otomatiki magurudumu yake yanayovuta yasiburutwe barabarani. Gia zake huzunguka bila kulainishwa na mafuta. Ikiwa gari ni la kuvutwa na magurudumu ya mbele, basi mbele panyanyuliwe. La magurudumu yote manne, na la umeme, lipande juu ya gari la kubeba lote zima. Motor ya gari la umeme huweza kuzalisha umeme likiburutwa. Haya ninayasisitiza kwa sababu mwenye kamba huwa karibu kila wakati na gari la kubeba huchelewa, na kishawishi ni kikubwa.

Gari la haiburidi (la petroli na umeme pamoja) au la umeme lina pia betri ndogo ya volti 12, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyolala. Inaweza kubustiwa kwa sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Lakini usilitumie gari hilo kuwabusti wengine mpaka kitabu kiruhusu, na nyaya za rangi ya machungwa, zinazobeba umeme mkubwa, usizishike kabisa.

Vya kukaa kwenye buti

Pembetatu, fulana ya kung'aa, taa ya kuvaa kichwani (mikono miwili hubaki huru), glavu, pampu yenye geji, na maji ya lita kadhaa ni vya kila gari. Juu ya hapo ongeza kwa kuangalia safari zako. Spana ya magurudumu inayokuja na gari mara nyingi ni fupi. Ndefu zaidi, au ya msalaba, humwezesha hata mtu mwembamba kulegeza nati iliyokazwa kwa mashine.

Kisha chagua siku moja ya utulivu, ardhi tambarare, ubadilishe gurudumu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Utajua kama jeki ipo kamili, kama mpini wake haujapotea, na kama gari lako lina nati moja kwenye kila gurudumu yenye umbo la kipekee la kuzuia wizi. Nati hiyo haifunguki bila adapta yake ndogo, ambayo hupenda kusahaulika kwa fundi wa matairi. Itafute leo, uiweke pamoja na jeki.